Uyoga Uliokatwa Mguu

Mimi nina hasira za karibu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari hii wananihurumia. Wanasema ni bahati mbaya, ni mvua ya kwanza, ni Mungu amepanga. Hapana. Kulikuwa na kisu, kulikuwa na hasira zangu, na kulikuwa na neno moja nililopaswa kulisema siku ya kwanza nikalisema siku ya nne. Mvua haikufanya kitu.

Kwetu ni juu ya barabara ya Mboko. Unapanda kwa miguu saa moja na nusu katikati ya mashamba ya muhogo, na mashamba yakiisha pori la miti linaanza. Mwezi wa kumi, mvua ikishanyesha mara tatu nne, uyoga unatoka huko. Mama yangu alinifundisha uyoga kabla sijajua kusoma. Hakunifundisha majina mengi. Alisema uyoga wa kula ni ule unaotoka kwenye kichuguu, basi. Mwingine wote uuache hata ukiwa mzuri namna gani. Wa kichuguu una mguu mrefu unaoingia ndani kabisa ya udongo, mpaka kwa mchwa wenyewe. Ukiuvuta polepole unakuja na mkia mwembamba, mweusi, mrefu kuliko kidole.

Mama hakuwahi kuukata mkia huo. Alipiga magoti, akachimba pembeni kwa kijiti, akauvuta, akaufuta udongo kwa kidole gumba, akautazama mguu wote mpaka mwisho, ndipo akautia kikapuni. Mimi nilichoka kumsubiri. Nilimwuliza kwa nini anatazama miguu wakati sisi tunakula vichwa. Alicheka tu, akasema nitaelewa siku nitakapoacha haraka.

Na kulikuwa na desturi nyingine, ya wakati wa kula. Nyumbani kwetu aliyechuma uyoga ndiye anayeonja wa kwanza. Anakata tonge la bugali, anachovya, anakula, na wengine wote wamemkodolea macho wanamtania: umeanza kuona nyota? Jina langu bado unalikumbuka? Naye anajishika tumbo, anajilegeza kama anakufa, tunacheka, halafu mikono yote inaingia sahanini. Nilidhani ni mchezo tu. Na kweli ulikuwa mchezo, maana uyoga mbaya haumwui mtu kabla bugali haijapoa, hilo sasa nalijua vizuri sana. Lakini ulikuwa na adabu ndani yake. Ukijua wewe ndiwe utakayeonja, unachuma kwa macho yako yote mawili.

Niliolewa mjini Baraka, nikakaa huko miaka tisa, nikauza sokoni. Huko ndiko nilikojifunza kisu. Bamama wa Baraka hawataki udongo. Mteja anashika uyoga wako, anaugeuza, akiona mchanga anakuachia anakwenda kwa mwenzako. Kwa hiyo sisi tuliokuwa tukichuma kwenye vilima vya nyuma ya mji tulikata. Nilikuwa na kisu kidogo chenye mpini wa plastiki nyekundu. Unainama, unakata mguu juu kidogo tu ya ardhi, unatia kwenye beseni, unaendelea. Unajaza beseni wakati mtu kama mama yangu bado anachimba wa tatu. Na beseni langu lilikuwa safi, jeupe, watu wanalitamani. Nilijivunia usafi huo.

Halafu mume wangu akaenda kwenye machimbo ya dhahabu, na habari zake zikapungua mpaka zikaisha. Nilirudi kwa mama na godoro, beseni na kile kisu. Mama hakuniuliza kitu. Alinisogezea nafasi, akaninyamazia miezi mitano wakati mimi nalia nyuma ya jiko asubuhi na kugombana na kila mtu jioni. Niligombana na mujomba, mdogo wake mama, anayekaa nyumba ya chini. Niligombana na jirani yetu, mama mmoja aliyeolewa pale kutoka Kazimia, mtu mpole kabisa, kwa sababu ya kuku. Nilikuwa nimeoza moyo, na aliyekuwa karibu ndiye aliyesikia harufu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Niliingia porini peke yangu, nikaelekea kichuguu kimoja nilichokijua tangu utoto, kikubwa kupita mtu. Sikujua kwamba kilikuwa kimekufa. Mchwa walishahama, na mgongoni kwake ulikuwa umeota mti, umekua miaka yote ile mimi niko Baraka, mizizi yake imekikumbatia kichuguu pande zote. Na pale juu, kati ya mizizi, uyoga ulikuwa umetoka. Vichwa vikubwa kama sahani ya chai, vyeupe, katikati vina rangi kidogo ya majani mabichi. Uyoga ule haukuwa wa mchwa, ulikuwa wa mti. Leo naweza kukuambia hivyo. Siku ile niliona kichuguu, nikaona uyoga juu yake, sheria ya mama ikawa imetimia. Nikatoa kisu.

Ningevuta mmoja tu. Mmoja tu ningeuvuta kwa mkono, ningeona kwamba hauna mkia.

Mama alikuwa anatwanga aliponiona nikiingia uani. Alifurahi kuliona beseni. Alichukua kichwa kimoja, akakigeuza, akakitazama pale nilipokata, akachukua kingine, akakigeuza nacho.

"Miguu yake iko wapi?"

Nilimwambia nimekata, sokoni wanataka safi, kesho nateremka nao Baraka.

"Na hii ya kula leo, nayo ni ya ku soko?"

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ugomvi niliuleta mimi. Nilimwambia, "Mama, buyoga yenye kutoka ku kichuguu haiuake mutu. Ni weye ulinifunza. Ao sasa unaniona hata ile nilishasahau?" Na sikuishia hapo. Nilimwambia kwamba sikurudi kwake kufanywa mtoto. Nilimwambia kila nikifanya kitu katika nyumba ile lazima kikaguliwe, na kama uyoga wangu unamtia mashaka, ale sombe yake, majani yake ya muhogo ya kila siku. Maneno ya namna hiyo yakishaanza kutoka hayaangalii nani yuko mbele. Jirani alikuwa amefika kwenye mlango wa ua na chupa ya mawese ambayo mama alimwomba asubuhi, akasimama hajui aingie au arudi. Aliiweka chupa chini, akaondoka bila kuaga.

Mama yangu hakuwa mtu wa kushindwa maneno na mtoto wake. Angebisha kidogo tu, ningetupa lile beseni kwa hasira, na leo ningekuwa na mama. Lakini siku ile alikubali. Nimekufikiria sana kukubali kule, na sasa nakuelewa. Miezi mitano aliniona nikishindwa kila kitu. Alitaka kuwe na kitu kimoja nilichokifanya sawasawa. Alichukua sufuria, akaosha uyoga wangu, akaupika na mawese na chumvi.

Jua lilipokuwa linatua aliniita. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko, nimenuna, nachokoa udongo kwa kile kisu. Nilisema nimeshiba. Tangu asubuhi nilikuwa nimekula muhogo mmoja wa kuchoma. Nilimwona kupitia nafasi ya ukuta wa matete, ameshika tonge mkononi, hajalichovya, ananingoja.

"Mwenye kuchuma, kuya uonje."

Sikuinuka. Aliniita tena, kwa ile sauti ya utani ya zamani, akaniuliza kama naogopa kuona nyota. Nikazidi kuchokoa udongo. Ndipo akachovya mwenyewe, akala. Baadaye akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba ni tamu, na kwamba amenibakishia. Alifunika fungu langu kwa sahani nyingine, akaliweka kwenye kibao karibu na mlango. Lilikuwa kubwa kuliko lake.

Asubuhi nilimkuta ameinama nyuma ya nyumba, ameshika mti wa mpapai kwa mikono yote miwili, anatapika. Kulipopambazuka vizuri alikuwa hawezi tena kusimama, na chini kulikuwa kunamtoka maji matupu. Macho yalishaingia ndani. Alikuwa anaomba maji, na kila tone alilokunywa lilirudi.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hiki sijawahi kukisema mahali pengine kwa ukamilifu. Kabla sijamwita mtu yeyote, nilibeba lile beseni nikaenda nalo chooni, nikamwaga uyoga wote shimoni. Nikarudi, nikachukua ile sahani iliyofunikwa, nayo nikaimwaga. Nikasugua sufuria kwa majivu, mara mbili. Mama yangu yuko chini anatetemeka, na mimi nasugua sufuria. Ndipo nikapiga kelele kuita jirani. Kwa hiyo wanaosema sikujua, wanyamaze. Mikono yangu ilijua.

Jirani alikuja mbio, kama vile jana yake sikumtukana mama mbele yake. Mujomba akaja na vijana watatu, wakafunga blanketi kwenye miti miwili kutengeneza tipoyi, wakambeba mama kwenye tipoyi hiyo mpaka barabarani. Katika kituo cha afya kulikuwa tayari na wagonjwa wawili wa kolera, ndiyo maana munganga alipomwona mama hakushangaa. Alimtafutia mshipa, akamtundikia maji, na akiwa anaufunga mkono ule na plasta aliuliza, bila kuinua kichwa, alikula nini jana.

Mujomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Ni mtu mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito, na yeye ndiye aliyesema, siku niliporudi na godoro langu, kwamba mwanamke mwenye hasira hana anachoshika kikakamilika. Jirani alikuwa pembeni ameshika viatu vya mama.

"Bugali na ndakala," nikasema.

Ndakala, samaki wadogo wa ziwani, chakula cha kila mtu, kisicho na kosa. Mama aligeuza uso juu ya kile kitanda akanitazama. Munganga akamwuliza yeye mwenyewe, ni vile, mama?

"Ni vile," akasema. "Bugali na ndakala."

Wakamtibu kolera. Siwalaumu, ugonjwa wenyewe ulivaa nguo hizohizo. Kutwa nzima ya Jumatano alikuwa anatoka maji kama mfereji, chupa juu ya chupa, harufu ya klori imejaa mpaka kichwani. Nilimshika kichwa, nikamfuta, nikasali. Nilisali kwa maneno mengi sana, na katika yote hayo sikumwambia Mungu neno uyoga, kama vile Naye ningeweza kumficha.

Alhamisi mchana kukakauka. Kwanza kutapika, halafu kuhara. Jioni alikunywa uji, ukakaa. Akauliza nani amelisha kuku. Munganga alifurahi, akasema mama huyu ni jiwe, na Ijumaa asubuhi akaturuhusu. Mujomba alinunua hata soda. Mimi nilitoka nje ya kituo, nikaenda nyuma ya ukuta, nikapiga magoti katika tope nikalia kwa furaha. Naona haya kusema jinsi nilivyofurahi. Nilijiambia Mungu amefunika, hakuna atakayejua, imekwisha. Sikujua kwamba uyoga ule una siku yake ya kumpumzisha mtu wakati wenyewe unaendelea kumla ini ndani kwa ndani. Hakuna aliyewahi kunifundisha hilo, maana kwetu hakuna aliyewahi kuwa mjinga wa kulijua.

Njiani kurudi, pale mtoni, wabebaji walitua tipoyi wakashuka kunywa maji. Tukabaki wawili. Mama aliangalia kama wako mbali.

"Ile ya mu beseni, uliuzisha?"

"Apana, mama. Nilitupa mu choo."

"Yote?"

"Yote."

Alifumba macho akamshukuru Mungu. Siku zile tatu zote, na maji yanamtoka mwilini, hilo ndilo alilokuwa amelibeba: kwamba labda nimeteremka na beseni Baraka, labda watoto wa watu wamekula. Halafu akanishika kidole, kama alivyonishika nilipokuwa mdogo tukivuka mto huohuo, akaniambia mujomba wangu ni mkali, nisimwambie kitu. Nikasema ndiyo mama. Nilikuwa na nafasi pale. Munganga alikuwa bado yuko nusu saa nyuma yetu, tungegeuza tipoyi. Nikasema ndiyo mama.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea maji ya kunawa, na mwanga wa mlangoni ulipompiga usoni niliona macho yake yamekuwa ya njano, njano ya ndizi iliyoiva. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akaniuliza ng'ombe wamerudi? Hatujawahi kuwa na ng'ombe. Kwenye mkono, pale walipochoma sindano, damu ilikuwa inatoka tena yenyewe, polepole.

Mujomba alipomwona alitoka nje, akasimama katikati ya ua. Majirani walishaanza kuingia.

"Hii si kolera," akasema. "Hii ni karuho."

Kwetu kila mtu anaijua karuho, hata mtoto. Ni sumu ya mkono wa mtu: anaificha kwenye ukucha, anaitia katika chakula chako anakuchekea, na inakula mtu taratibu mpaka amalizike. Neno hilo likishatajwa, linalofuata ni kumtafuta mwenye ukucha. Mujomba akauliza nani alileta kitu cha kula katika nyumba hii siku ya Jumanne. Mtu mmoja akasema aliona chupa ya mawese. Mwingine akakumbusha ugomvi wa kuku. Na jirani yetu alikuwa amesimama palepale kwenye mlango wa ua, ameleta uji wa mama, kibakuli kiko mkononi kinatoa mvuke. Watu wote waligeuka wakamtazama, na nikaona jinsi walivyoanza kusogea, bila haraka, wakimwacha yeye katikati.

Mwanamke aliyetajwa karuho kwetu hana pa kulala siku hiyo. Nyumba inachomwa kwanza, maswali yanaulizwa baadaye. Yeye alijua hivyo, mimi nilijua hivyo. Hakujitetea. Alinitazama tu mimi, kwa sababu siku ile ya Jumanne aliliona lile beseni, na alisikia kila neno nililomwambia mama.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilihesabu. Nilisimama pale nikahesabu kama naweza kunyamaza. Kisha ndani ya nyumba mama akaita tena lile jina la dada yake, na kitu kikanikatika.

"Mujomba, ni mi," nikasema. "Ni buyoga. Nilikata na kisu, nikamuletea. Na nilidanganya munganga."

Nilingoja mkono wake. Aliuinua kweli, halafu ukabaki hewani, ukashuka. Nafikiri alikuwa amepanga kumpiga mtu, na alipoambiwa ni nani nguvu zikamwishia.

"Siku ine, mupwa," akasema. "Siku ine."

Basi. Hayo tu. Ningependelea anipige. Akaniuliza uko wapi huo uyoga, nikasema nimeutupa. Akaniambia niende kuchimbua nilichokibakiza ardhini, tunampeleka hospitali ya Baraka na huko watataka kuona. Nilikimbia. Nilipofika njia panda niligeuka mara moja, nikamwona jirani anaweka kibakuli cha uji chini, taratibu kisimwagike, halafu anakwenda kushika mti wa mbele wa tipoyi. Hakunitazama. Mpaka leo tunasalimiana, lakini jicho lake linapita juu ya bega langu.

Kwenye kichuguu miguu ilikuwa palepale. Kumi na moja. Yote nimeikata sawasawa, kazi nzuri, safi, kama ya mtu wa soko. Nilichimba kwa vidole. Nilitafuta mkia mweusi, nikachimba zaidi, hakuna mkia. Kila mguu ulikuwa mfupi, umevimba chini, na umekaa ndani ya kifuko cheupe, kama mguu wa mtoto ndani ya soksi. Kilikuwa wazi kabisa. Mtu yeyote angekiona. Mama yangu angekiona hata kwa macho yake yale ya uzee, na ndicho alichokuwa anakitafuta alipogeuza vichwa vyangu uani na kuniuliza miguu iko wapi. Nilikaa chini pale nikapiga yowe kama mwendawazimu, halafu nikafunga mguu mmoja katika jani la mgomba nikateremka mbio.

Tulipata lori lililobeba muhogo mkavu. Nilikaa juu ya magunia na kichwa cha mama mapajani. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, na kila shimo lilimtoa sauti. Tulipopita Lusenda aliamka, akaona zile nyumba nyingi za kambi ya wakimbizi, akaniuliza hawa watu wote wamekuja kwa kilio cha nani. Nilimwambia ni soko, mama, ni siku ya soko. Nilikuwa nimeapa njiani kutodanganya tena, na apo langu halikufika hata Baraka.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Nilifungua lile jani mezani pake. Sikungoja aulize. Nilisema yote, kwa sauti, mujomba amesimama hapo: Jumanne, jua linatua, uyoga kutoka kichuguu chenye mti, nilikata mwenyewe kwa kisu, mimi sikula, na kwenye kituo nilisema uongo. Alikigeuza kile kifuko kwa ncha ya kalamu. Alitazama macho ya mama, akambonyeza tumbo. Nilimwuliza kama ningesema Jumatano mama angepona.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Mama, tufanye kwanza hii yenye iko mbele yetu."

Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana. Lolote kati ya hayo mawili ningejua namna ya kulibeba.

Alichukua karatasi aanze kuandika, na ndipo mama akanyanyua kichwa. Tangu Mboko hakuwa ametujua. Alimwita mujomba baba, mimi aliniita kwa majina ya watu waliokufa. Lakini alimwona mtu mwenye koti jeupe na kalamu, na aliniona mimi nimesimama mbele yake nalia, na kitu ndani yake kikakumbuka kazi yake. Alishika ukingo wa kitanda.

"Munganga, usimusikilize huyu mutoto," akasema. "Nilikula bugali na ndakala."

Kalamu ya daktari ikasimama. Alinitazama mimi, akamtazama yeye. Nikamwambia andika uyoga. Mama akasema tena, kwa nguvu zaidi, ndakala, ndakala tu, mutoto hana kosa. Mujomba akatoka nje, na ndiyo mara ya pekee nimewahi kumsikia akilia.

Aliyasema kwa kila aliyepita karibu na kitanda. Kwa muuguzi wa zamu, kwa mama mmoja mfagiaji, kwa mchungaji aliyekuja kutuombea. Jumapili alikuwa hajui tena yuko wapi, hajui ni mwezi gani, nilipomnywesha maji aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia ni wako, mama, alinitazama kwa huruma kama mtu anayesikia habari ya mgeni. Lakini uongo wangu hakuusahau. Aliushika mpaka sauti ilipomkauka, na baada ya hapo midomo ikaendelea peke yake.

Alikufa Jumatatu, saa nne asubuhi. Katika karatasi ya hospitali imeandikwa uyoga, kwa sababu nilisimama pale mezani, sikuondoka, mpaka daktari alipoliandika neno hilo.